Maswali ya Wasomaji: Mchungaji Aliyekalia Kiti cha Spika wa Kwanza wa Marekani

Katika toleo lililopita msomaji wa Kirumba aliuliza nani alikuwa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Tulimjibu kwa mistari minne: Frederick Augustus Conrad Muhlenberg, Mlutheri wa Pennsylvania mwenye asili ya Kijerumani, aliyechaguliwa tarehe 1 Aprili 1789. Tangu hapo maswali yamemiminika, kutoka Nyamagana, Ukerewe, Sengerema na hata ng'ambo ya ziwa, Bukoba. Tumechagua yale yanayoingia ndani ya kazi ya bunge, maana huko ndiko mtu huyu alikoacha alama. Hakuwa msemaji wa kutikisa ukumbi. Alikuwa mtu wa kiti: kuhesabu wajumbe, kulinda zamu ya kusema, kutangaza matokeo, kutia saini. Kazi hiyo watu huiona ndogo, nasi hatukubaliani nao.

SWALI: Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo kuhusu mabunge ya kwanza duniani. Naomba maisha ya Muhlenberg kwa tarehe, maana vitabu tulivyo navyo vinagongana. (Mwalimu wa Uraia, Nyegezi)

JIBU: Alizaliwa tarehe 1 Januari 1750 katika kijiji cha Trappe, Pennsylvania. Baba yake, Henry Melchior Muhlenberg, alitoka Ujerumani mwaka 1742 na ndiye aliyeyaunganisha makanisa ya Kilutheri yaliyokuwa yametawanyika katika makoloni. Mama yake alikuwa binti wa Conrad Weiser, mkalimani mashuhuri kati ya serikali ya Pennsylvania na mataifa ya Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika. Kwa hiyo kijana huyu alikulia kwenye nyumba ambayo kutafsiri na kupatanisha kulikuwa kazi ya kila siku.

Mwaka 1763 alipelekwa pamoja na kaka yake na mdogo wake kusoma Halle, Ujerumani. Alirudi 1770, akabarikiwa kuwa mchungaji tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 1779 aliacha uchungaji na kuingia Kongresi ya Bara, bunge la wakati wa vita vya uhuru. Kuanzia 1780 hadi 1783 alikuwa Spika wa bunge la Pennsylvania, na mwaka 1787 aliongoza mkutano wa jimbo hilo ulioidhinisha Katiba ya Marekani kwa kura 46 dhidi ya 23. Baada ya hapo alikaa katika Baraza la Wawakilishi la shirikisho kwa mabunge manne mfululizo, 1789 hadi 1797.

Vitabu vyako huenda vinagongana hapa, Mwalimu: hakuwa Spika kwa miaka yote minane. Alikuwa Spika katika Bunge la 1 (1789 hadi 1791) na Bunge la 3 (1793 hadi 1795). Bunge la 2 liliongozwa na Jonathan Trumbull wa Connecticut, na la 4 na Jonathan Dayton wa New Jersey. Katika mabunge hayo mawili Muhlenberg alikuwa mjumbe wa kawaida. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata hapa chini yatakaa sawa.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, ndugu wahariri. Hivi mchungaji aliyewekewa mikono aliruhusiwa vipi kuingia siasa? Na ile picha ya mchungaji anayevua joho mimbarini na kubaki na sare za jeshi, ni yeye? (Mzee wa kanisa, Bukoba)

JIBU: Amina, Mzee. Tuanze na picha. Huyo si Frederick, ni kaka yake, Peter Muhlenberg, aliyekuwa mchungaji huko Woodstock, Virginia, akawa kanali mwanzoni mwa 1776 na baadaye jenerali. Sanamu yake akiwa anavua joho ipo katika jengo la Kongresi, yaani bunge la Marekani, mjini Washington. Kwamba aliacha mimbari akaenda vitani ni kweli kabisa. Ila hadithi ya joho lenyewe iliandikwa na ndugu wa ukoo miongo mingi baada ya tukio, kwa hiyo ipokeeni kama simulizi ya familia.

Kinachopendeza zaidi ni kwamba Frederick alimkemea kaka yake kwa barua, akimwambia mtu hawezi kuwa mchungaji na askari kwa wakati mmoja. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akihudumu New York. Majeshi ya Uingereza yalipoukaribia mji huo mwaka 1776, aliihamisha familia yake na kurudi Pennsylvania, akahubiri vijijini hadi 1779. Vita vilimfikia mlangoni, na msimamo wake ukabadilika. Baba yao hakufurahia kuwapoteza wana wawili waliosomeshwa kwa ajili ya altare.

Kuhusu ruhusa, kila jimbo lilikuwa na sheria yake. Katiba ya New York ya 1777 ilikataza wazi mchungaji au padre kushika ofisi ya kiraia au ya kijeshi. Pennsylvania haikuwa na katazo hilo. Kama Frederick angebaki New York, mlango wa bunge la jimbo ungekuwa umefungwa kwake.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimesoma kwamba Bunge la kwanza la Marekani lilitakiwa kuanza tarehe 4 Machi 1789 lakini likaanza tarehe 1 Aprili. Je, wabunge walikuwa wamegoma? (Mwanafunzi, Sengerema)

JIBU: Marahaba. Hapana, hawakugoma. Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, haikutimia.

Chukua kalamu tuhesabu. Katiba ilitenga viti 65 vya Wawakilishi kwa majimbo 13. Lakini kufikia Machi 1789, North Carolina (viti 5) na Rhode Island (kiti 1) yalikuwa hayajaikubali Katiba. Ukiondoa viti 6, vinabaki 59. Katiba inataka walio wengi, yaani zaidi ya nusu. Nusu ya 59 ni 29 na nusu, kwa hiyo akidi ni 30. Tarehe 4 Machi walikuwepo 13 tu. Seneti, chombo cha pili cha Kongresi, nayo ilikuwa na viti 22, akidi 12, na siku hiyo walifika 8.

Walichelewa kwa nini? Machi katika kaskazini ya Marekani ni mwisho wa majira ya baridi. Barabara ni tope, mito inajaa barafu inayoyeyuka, na walio kusini walitegemea meli za matanga ambazo upepo ukikataa hazitoki. Wengine walikuwa bado hawajatangazwa kuwa washindi, kwa sababu majimbo yalifanya uchaguzi kwa tarehe tofauti. Ninyi wa Sengerema mnakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo kabla ya daraja: abiria mmoja akiwahi saa kumi na mbili asubuhi hakumsaidii kitu kama chombo hakijaja. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale 13. Kila siku walikutana, wakahesabiana, wakaahirisha.

Hasara yake ilikuwa ya fedha halisi. Serikali mpya ilitegemea ushuru wa forodha, na meli za mizigo za majira ya kuchipua zilikuwa zinaingia bandarini bila sheria ya kuzitoza. Sheria ya ushuru ilikuja kutiwa saini tarehe 4 Julai, shehena nyingi zikiwa zimeshapita.

Tarehe 1 Aprili mjumbe wa 30 alipofika, jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kumchagua Spika. Seneti ilitimiza akidi tarehe 6 Aprili. George Washington akaapishwa kuwa Rais tarehe 30 Aprili.

Kwa kulinganisha, akidi ya Bunge letu la Tanzania ni nusu ya wabunge wote. Tofauti ya "nusu" na "zaidi ya nusu" inaonekana ndogo, lakini idadi ya viti ikigawanyika kwa mbili, mtu mmoja tu ndiye anayeamua kama kikao kipo au hakipo.

SWALI: Naandika mihtasari ya vikao vya halmashauri. Ningependa kujua Spika huyo wa kwanza alikuwa na mamlaka gani hasa kwenye kanuni. Na je, walikuwa na siwa? (Karani, Ilemela)

JIBU: Hili ni swali tulilolipenda kuliko yote. Kanuni za kwanza zilipitishwa tarehe 7 Aprili 1789, siku 6 tu baada ya Muhlenberg kuchaguliwa, na zilikuwa fupi.

Spika alilinda utaratibu na kutoa uamuzi kuhusu utaratibu, lakini wajumbe wawili wakipinga, suala lilirudi kwa Baraza zima. Aliteua kamati zisizozidi watu 3. Kamati ikitakiwa kuwa kubwa zaidi, wajumbe waliichagua wenyewe kwa kura ya siri. Kipengele hicho hakikudumu: mwaka uliofuata uteuzi wa kamati ukakabidhiwa kwa Spika. Atakayeandika mihtasari ajue sababu yake. Kura za kuchagua kila kamati zilikula muda wa kikao, na wakati huo kamati zilikuwa nyingi, kwa kuwa karibu kila muswada uliundiwa kamati yake kisha ikavunjwa.

Mjumbe hakuruhusiwa kusema zaidi ya mara mbili kwenye hoja moja bila ridhaa ya Baraza. Muswada ulisomwa mara tatu, na haukuweza kusomwa mara mbili kwa siku moja bila amri maalumu. Ukisikia bunge lolote "linatengua kanuni" ili kupitisha muswada haraka, kifungu cha namna hii ndicho kinachotenguliwa.

Halafu kuna kanuni ya kura ya Spika, na hapa wengi huteleza. Muhlenberg akiwa kitini hakupiga kura, isipokuwa katika mambo matatu. Kwanza, kura za siri za kuchagua watu. Pili, kura zikilingana. Tatu, endapo kura yake akiipa upande mdogo itafanya pande zilingane. Mfano: hoja imepata ndiyo 30 na hapana 29. Spika akisema hapana, inakuwa 30 kwa 30, na kanuni ilisema wazi kwamba hoja iliyolingana imeanguka. Kwa hiyo Spika aliweza kuiua hoja iliyokuwa imeshinda kwa kura moja. Weka hilo kwenye kumbukumbu zako, maana vitabu vingi vinataja jambo la pili tu na kuacha la tatu.

Siwa, ile fimbo ya heshima ya bunge, walikuwa nayo tangu Aprili 1789. Neno hilo sisi tumelichukua kwenye baragumu za kifalme za Lamu na Pate, lakini siwa ya Marekani haina uhusiano na pembe. Ni fimbo 13 zilizofungwa pamoja, moja kwa kila jimbo la mwanzo, na juu yake tufe la dunia na tai. Ile ya kwanza iliteketea mwaka 1814 Waingereza walipochoma jengo la Kongresi. Inayotumika sasa ilitengenezwa 1841. Inapowekwa kwenye kinara cha juu, Baraza limekaa kama Baraza. Inaposhushwa kinara cha chini, limekaa kama Kamati ya Baraza Zima, yaani wajumbe wote wakijadili kama kamati. Mgeni akiingia ukumbini anaangalia siwa kwanza, anajua kikao ni cha aina gani.

SWALI: Wabunge hao walilipwaje? (Mvuvi, Ukerewe)

JIBU: Kwa siku. Sheria ya Septemba 1789 iliweka dola 6 kwa kila siku ya kuhudhuria, na Spika dola 12. Nauli ilikuwa dola 6 kwa kila maili 20, sawa na kilomita 32 hivi, wakati wa kuja na wakati wa kurudi. Anayeishi maili 200 alipata dola 60 kuja na 60 kurudi. Asiyehudhuria hakulipwa, isipokuwa kwa ugonjwa.

SWALI: Hapa Makoroboi kuna mzee hutusimulia kwamba Kijerumani kilikosa kuwa lugha ya taifa ya Marekani kwa kura moja tu, na aliyeipiga kura hiyo ni Spika Mjerumani. Nasi tunaoishi na Mwamba wa Bismarck tunaipenda hadithi hiyo. Ni kweli? (Mfanyabiashara, Mwanza mjini)

JIBU: Si kweli, ndugu, ingawa imesimuliwa Ujerumani na Marekani kwa zaidi ya miaka 150. Chini yake kuna punje ya ukweli, nasi tutaitoa kwenye makapi.

Mwaka 1794 Wajerumani wa Virginia walipeleka ombi kwenye Kongresi. Hawakuomba Kijerumani kiwe lugha ya taifa. Waliomba baadhi ya sheria za shirikisho zichapishwe pia kwa Kijerumani, ili wasiojua Kiingereza wazielewe sheria wanazotakiwa kuzitii. Ombi la haki kabisa, na yeyote aliyewahi kusaini karatasi ya kisheria ya Kiingereza bila kuielewa atawaonea huruma. Kamati ikaliangalia. Januari 1795 jambo likafika ukumbini, na kura iliyoshindwa kwa 42 dhidi ya 41 ilihusu tu kama waendelee kulijadili siku nyingine. Hiyo ndiyo "kura moja". Baadaye Kongresi iliamua sheria zichapishwe kwa Kiingereza.

Kutoka hapo hadithi ilikua. Mwaka 1847 mwandishi Mjerumani, Franz von Löher, aliandika kwamba kura hiyo ilipigwa katika bunge la Pennsylvania, ikalingana, na Muhlenberg akaiamua. Jimbo si lenyewe, hoja si yenyewe, na kura haikulingana. Pennsylvania ilikuwa na Wajerumani wapatao theluthi moja, lakini katika nchi nzima hawakufika hata mmoja kwa kumi, kwa hiyo hata hoja hiyo ingekuwepo isingekaribia kupita.

Mwambieni mzee pia hili: Katiba ya Marekani haitaji lugha rasmi, na Kongresi haijawahi kutunga sheria ya kuiweka. Kiingereza kilitangazwa lugha rasmi ya shirikisho kwa amri ya rais, Machi 2025.

SWALI: Nilisoma kwamba Muhlenberg alitumia "kura ya turufu" kuupitisha mkataba na Uingereza, akiwa Spika, kisha akachomwa kisu. Naomba ufafanuzi. (Mwanasheria, Nyamagana)

JIBU: Kisu ni kweli. Mengine yanahitaji kunyooshwa, na wewe kama mwanasheria utaona kwa nini kila neno lina uzito.

Kura ya turufu ni ile ya kuzuia, kama ya wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama. Muhlenberg alipiga kura ya uamuzi, ile ya mwenye kiti pande zinapolingana. Na hakuwa Spika. Ilikuwa Aprili 1796, Bunge la 4, Spika ni Dayton.

Mambo yalikwenda hivi. Mkataba wa Jay ulitiwa saini London Novemba 1794 ili kuepusha vita na Uingereza. Waingereza wangeondoka katika ngome walizokuwa wanazing'ang'ania ndani ya mipaka ya Marekani, na tume zingesuluhisha madeni na fidia za meli zilizokamatwa. Wengi waliuona mkataba wa unyonge, kwa kuwa haukuwazuia Waingereza kukamata mabaharia wa Kimarekani. Seneti iliukubali tarehe 24 Juni 1795 kwa 20 dhidi ya 10, theluthi mbili kamili, bila kura hata moja ya ziada. Kikatiba mkataba ulikuwa umekamilika.

Lakini tume zinahitaji mishahara, na fedha haitoki bila Baraza la Wawakilishi. Hapo ndipo wapinzani waliposimama. Tarehe 24 Machi 1796 Baraza lilimtaka Washington alete nyaraka za majadiliano, kwa kura 62 dhidi ya 37. Tarehe 30 Machi akakataa, akisema mikataba ni kazi ya Rais na Seneti. Mjadala ukaendelea mwezi mzima. Hoja ya kutekeleza mkataba ikapelekwa katika Kamati ya Baraza Zima.

Kamati hiyo ni wajumbe wale wale, ukumbi ule ule, lakini Spika anashuka kitini na kumteua mjumbe mwingine awe mwenyekiti. Kanuni zinalegezwa, watu wanasema kwa uhuru zaidi, na kinachoamuliwa ni pendekezo tu, lazima lirudi kwa Baraza. Tofauti na kwetu, ambako Spika mwenyewe ndiye hugeuka kuwa mwenyekiti, kule Spika huondoka kabisa kitini. Mwenyekiti siku hiyo alikuwa Muhlenberg.

Tarehe 29 Aprili kura zikahesabiwa: 49 kwa 49. Kama angenyamaza, hoja ingeanguka pale pale. Alisema hakuridhika na hoja ilivyoandikwa, lakini angeiunga mkono ili ifike kwenye Baraza na kurekebishwa huko. Akapiga kura ya ndiyo. Kesho yake Baraza likaipitisha kwa 51 dhidi ya 48.

Kwa hiyo kuna kura tatu ambazo watu huzichanganya: 20 kwa 10 ya Seneti, 49 kwa 49 ya Kamati, na 51 kwa 48 ya Baraza. Kura ya Muhlenberg iliamua ile ya katikati peke yake. Waliosema "aliupitisha mkataba" wanaruka hatua moja. Waliosema "kura yake haikuwa na maana, maana kesho yake palikuwa na nyingine" nao wanakosea, kwa sababu hoja iliyoanguka katika Kamati ingerudi Barazani ikiwa tayari imevunjika mguu.

Wakati huo alikuwa amejiweka karibu na kambi iliyoupinga mkataba. Ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa. Siku chache baadaye shemeji yake, mpinzani mkali wa mkataba, alimchoma kisu. Alipona. Uchaguzi wa mwaka huo hakugombea tena kiti chake, na Machi 1797 akaondoka Kongresi. Sisi tunaona alitenda kama mwenyekiti anavyopaswa: kwenye hoja iliyolingana aliliachia Baraza zima nafasi ya kuamua, badala ya kuifunga akiwa peke yake kitini.

SWALI: Ni kweli alihusika kwenye kashfa ya Alexander Hamilton? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Alihusika kama mchunguzi. Mwishoni mwa 1792 karani wake wa zamani, Jacob Clingman, alikamatwa pamoja na James Reynolds kwa udanganyifu wa madai ya fedha za serikali. Clingman akamwendea Muhlenberg kuomba msaada, akamdokeza kwamba Reynolds ana siri inayoweza kumwangusha Hamilton, aliyekuwa Waziri wa Fedha.

Angalia hatua alizochukua. Hakukimbilia magazeti, wala hakumkingia kifua Hamilton, ambaye waliheshimiana. Aliwashirikisha wabunge wenzake wawili, James Monroe na Abraham Venable, ili asiwe shahidi peke yake. Wakawahoji Reynolds na mkewe, wakaandika walichoambiwa. Wakakusudia kumpelekea Rais, lakini wakaona kwanza wamsikilize mtuhumiwa. Tarehe 15 Desemba walikwenda kwa Hamilton. Akawaonyesha barua: fedha alizompa Reynolds zilikuwa zake binafsi, za kumnyamazisha mume kwa sababu ya uhusiano na mke. Ni aibu, lakini haikuwa wizi wa hazina. Watatu hao wakaridhika kwamba jambo si la umma, wakalifunga.

Kilichoharibika ni nakala. Hamilton aliomba kunakiliwa karatasi zile, na nakala zikapita mikononi mwa watu wengi kuliko ilivyofaa. Mwaka 1797 zilifika kwa mwandishi James Callender, akazichapisha, na Hamilton akalazimika kujieleza hadharani kwa kijitabu chake mwenyewe.

SWALI: Nimeona saini yake kwenye picha ya nyaraka ya haki za raia. Rais hakusaini? (Mwanachuo, Malimbe)

JIBU: Nyaraka hiyo ni ya marekebisho ya Katiba, na Rais hana saini kwenye marekebisho. Yanapitishwa na theluthi mbili za kila chombo, kisha yanakwenda kwenye majimbo. Zilizopo pale ni saini ya Muhlenberg kama Spika na ya John Adams, Makamu wa Rais aliyeongoza Seneti, zikithibitishwa na makatibu wa vyombo hivyo viwili.

Ukihesabu vifungu kwenye picha utakuta 12, si 10. Baraza lilipitisha 17 tarehe 24 Agosti 1789, Seneti ikavibana kuwa 12, na pande mbili zikaafikiana mwishoni mwa Septemba. Majimbo yaliidhinisha 10 kufikia tarehe 15 Desemba 1791. Cha kwanza kwenye orodha, kuhusu ukubwa wa Baraza, hakikuidhinishwa kamwe. Cha pili, kinachozuia wabunge kujipandishia malipo kabla ya uchaguzi kupita, kilikaa zaidi ya miaka 200 hadi kikaidhinishwa mwaka 1992, na kikawa Rekebisho la 27. Saini iliyo chini yake bado ni ile ya mchungaji wa Trappe.

SWALI: Baada ya kuondoka bungeni aliishia wapi? (Mjane mstaafu wa ualimu, Igoma)

JIBU: Mama, hakurudi madhabahuni. Aliwahi kugombea ugavana wa Pennsylvania mara mbili, 1793 na 1796, na mara zote akashindwa na Thomas Mifflin. Mwaka 1800 jimbo lilimpa kazi ya mpokeaji mkuu wa fedha za ofisi ya ardhi, mjini Lancaster, ambako makao makuu ya jimbo yalikuwa yamehamia. Ni kazi ya daftari na risiti, inayofanana na ile aliyowahi kuifanya kabla ya Kongresi, alipokuwa msajili wa wosia na hati za ardhi wa kaunti ya Montgomery. Alifariki huko Lancaster tarehe 4 Juni 1801, akiwa na miaka 51. Nyumba yake ya mawe, aliyoinunua mwaka 1781, bado imesimama Trappe.